Tunahamia mtaa tulivu Uingereza: maisha ya pale yanaendaje hasa?

Mpangaji wa Tabata:

Habari zenu wakuu. Mke wangu ni muuguzi, amepata kazi Leicester, na tunahama familia nzima kutoka Tabata: sisi wawili, mtoto wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka minne. Nyumba tuliyopata ni ya kupanga, nyumba pacha ya vyumba vitatu pembezoni mwa mji, kodi pauni 1,200 kwa mwezi. Nimeangalia mtaa kwenye ramani ya picha: nyumba mwanzo mwisho. Hakuna genge, hakuna kijiwe cha bodaboda, hakuna mtu barazani.

Mambo ya viza na tiketi tumemaliza. Ninachotaka kujua ni namna ya kuishi mle ndani bila kugombana na jirani, bila kuharibu nyumba ya watu na bila kukiuka sheria kwa kutojua. Majirani wanaishije? Nyumba yenyewe inaendeshwaje? Taka na kodi za serikali ya mtaa zikoje? Na watoto je? Kuna pia binti wa binamu yangu aliyeko London, ana miaka 15, anataka kuhamia kwetu asome akiwa Leicester.

Nipeni vitu vya uhakika.

---

Jirani Mwema:

Karibu mkuu. Nianze na hilo la kutokuona genge, maana ndilo linaloeleza mengine yote. Tangu sheria ya mipango miji ya 1947, mtu hawezi kugeuza sebule yake kuwa duka bila kibali cha halmashauri, hata kama nyumba ni yake. Nyumba nyingi, zaidi ya hapo, zina masharti ndani ya hati: usifanye biashara, usipandishe uzio mbele, usiegeshe karavani. Wazo la kuishi kwenye bustani na kuweka maduka mahali pamoja lilijengwa kwa makusudi, Letchworth kuanzia 1903 na Hampstead Garden Suburb kuanzia 1907. Pita Oysterbay ya zamani uone viwanja vikubwa na miti kandokando ya barabara, ni fikra hiyohiyo Waingereza waliileta hapa. Kwa hiyo ukiona kimya usidhani watu wamehama. Wamo ndani, na wanakuona.

Kimaisha maana yake ni kwamba chumvi ikiisha saa tatu usiku hakuna wa kumgongea. Weka akiba ya wiki. Jumapili ndiyo inayowakamata wageni: duka lenye ukubwa unaozidi mita za mraba 280 linaruhusiwa kufungua saa sita tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Supamaketi kubwa nyingi hufunga saa kumi au saa kumi na moja. Vile vidogo vya kona huendelea.

Sasa ukuta. Nyumba pacha ni nyumba mbili zenye ukuta mmoja katikati. Sauti ya mtu kuongea haipiti sana, kinachopita ni mtetemo: besi ya spika, mashine ya kufulia ikikamua, mlango wa kabati kubamizwa, na kinu. Kinu mkuu, kinu! Kutwanga kisamvu sakafuni kwenye nyumba ile kunasikika kwa jirani kama mtu anavunja ukuta. Twangia nje mchana, au tumia mashine ya kusagia. Spika usiiweke kwenye ukuta wa pamoja, ipeleke ukuta wa upande mwingine na uiinue kwa kipande cha mpira mzito. Mashine ya kufulia imalize kazi kabla ya saa nne usiku.

Usiku kisheria ni saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Kosa la wengi ni kudhani kabla ya saa tano ruksa. Kelele inayokera kupita kiasi inaweza kuchukuliwa hatua saa yoyote, mchana pia, chini ya sheria ya mazingira ya 1990. Malalamiko hayaanzi kwa ugomvi. Jirani anaweza asikuambie neno, akaandika kwenye daftari tarehe, saa na aina ya kelele kwa wiki mbili tatu, kisha akapeleka halmashauri. Wewe unapata barua. Ukipuuza na ofisa akathibitisha, inakuja amri ya kuacha, na kuivunja amri hiyo ni jinai. Wanaweza kuchukua hata redio yenyewe.

Una shughuli, tuseme kipaimara au maulidi? Wiki moja kabla, andika karatasi fupi uitumbukize kwenye matundu ya barua ya nyumba mbili kila upande na tatu za mbele: siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, namba yako ya simu. Kisha maliza saa uliyoandika. Msiba ndio wenye shida zaidi kwa sababu watu wanakuja bila idadi. Turubai barabarani haliwezekani, kufunga barabara kunahitaji kibali kinachoombwa wiki kadhaa mbele. Kodi ukumbi wa kanisa, msikiti au jumuiya. Nyumbani wabaki wafiwa wa karibu.

Honi nayo. Hapa tunapiga getini tufunguliwe. Kule ni kosa kupiga honi gari likiwa limesimama, na ndani ya makazi hairuhusiwi kati ya saa tano na nusu usiku na saa moja asubuhi, isipokuwa kuna hatari. Anayekufuata akupigie simu.

Kuhusu salamu: watu hawapigi hodi bila taarifa. Wiki ya kwanza, siku ya Jumamosi mchana, gonga milango ya pande zote mbili, taja jina, sema umehamia namba fulani, dakika tatu zinatosha. Hapo mlangoni panatosha, usingoje kukaribishwa ndani. Akikuuliza "uko sawa?" mkipishana, hiyo ni salamu, jibu ni "niko sawa, na wewe?" huku unatembea. Jirani hupokeleana vifurushi: mletaji asipokukuta huacha kadi inayosema kifurushi kipo namba ngapi. Pokea vya wenzako. Urafiki wa mtaa ule huanzia kwenye kifurushi na pipa la taka, sio kwenye chai.

---

Fundi Bomba Sinza:

Mimi niongelee nyumba, maana hapa ndipo amana ya mtu inapoteketea.

Bafu kwanza. Sakafu ya bafu la Kiingereza HAINA tundu la kutolea maji. Rudia kuwaambia watoto. Ghorofa ya juu sakafu ni mbao, chini yake dari ya jipsam. Ukimwaga maji sakafuni kama tulivyozoea, yanapita pembeni mwa beseni la kuogea, yanashuka, na baada ya wiki chache dari ya sebuleni inavimba na kuweka doa la rangi ya chai. Kuoga ni ndani ya beseni au kwenye kizimba cha bafu ya mvua, pazia likiwa ndani ya beseni, sio nje. Kopo la chooni lipo ruksa, ila ujitawaze ukiwa umekaa juu ya choo. Bomba la mkono la chooni usifunge mwenyewe: kanuni za maji zinadai kizuizi cha kuzuia maji machafu kurudi kwenye bomba la maji safi, na mwenye nyumba lazima akubali. Taa ya bafuni huwashwa kwa kamba inayoning'inia darini, soketi za kawaida hazimo. Ni usalama, usipitishe waya wa kurefusha.

Boila. Nyumba nyingi zina boila ya gesi ukutani, jikoni au kabatini, inayotoa maji ya moto na kupasha rejeta za vyumbani. Rejeta ni kama ya gari, maji ya moto yanazunguka ndani. Kwenye boila kuna kigeji cha presha. Ikiwa imepoa kisome kati ya 1 na 1.5. Kikishuka chini ya 1, boila nyingi hukataa kuwaka, na watu hukaa siku mbili kwenye baridi wakidhani imekufa. Hatua zenyewe:

Zima boila, iache ipoe. Angalia chini yake utaona mpira mfupi uliosukiwa waya wa fedha, una koki ndogo upande mmoja au pande zote mbili. Hakikisha nati zake zimekaza. Fungua koki ya kwanza, kisha ya pili polepole. Utasikia maji yanaingia, sauti kama ya tanki linalojaa. Jicho lisitoke kwenye mshale. Ukifika 1.3 hivi, funga koki zote mbili, vuta pumzi, angalia tena kama zimefungwa. Washa. Watu wanasahau koki moja ikiwa wazi nusu, presha inapanda mpaka 3 na maji yanaanza kumwagika nje kupitia bomba la usalama. Na kama presha inashuka kila wiki, usiendelee kujaza, kuna sehemu inavuja au chombo cha upanuzi kimechoka. Mwite mwenye nyumba. Kuna modeli ambazo mpira huo hauonekani, zina ufunguo wa plastiki au kitasa, basi fuata kijitabu chake. Kifuniko cha boila usikifungue kabisa. Kinafunguliwa na fundi aliyesajiliwa Gas Safe (daftari rasmi la mafundi wa gesi) peke yake, na mwenye nyumba lazima alete fundi huyo kila mwaka na kukupa cheti.

Rejeta ikiwa moto chini na baridi juu, ina hewa. Zima mfumo, usubiri upoe. Nunua ufunguo mdogo wa shaba, bei yake ni pauni moja au mbili. Kwenye pembe ya juu kuna tundu la pembe nne: weka kitambaa chini yake, zungusha robo kinyume cha saa, hewa itatoka "ssss", tone la maji likianza kutoka funga. Rudi boila uangalie presha, maana imeshuka.

Asubuhi ya barafu boila ikigoma na kutoa mlio wa kububujika, mara nyingi ni bomba jembamba jeupe la plastiki linalotokea ukutani nje. Maji yake yameganda. Mwagia maji ya uvuguvugu juu ya bomba, sio yanayochemka, litapasuka. Kisha bonyeza kitufe cha kuanzisha upya.

Ukungu mweusi. Hili ndilo ugomvi mkubwa kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Hapa Dar madirisha yako wazi muda wote, nyavu tu. Kule Novemba unafunga kila kitu, unachemsha maharage saa mbili, unaanika nguo juu ya rejeta. Kikapu kimoja cha nguo mbichi kinaweza kuachia lita mbili za maji hewani. Yanakwenda wapi? Kwenye ukuta wa nje ulio baridi, nyuma ya kabati, pembe ya dari. Funika sufuria. Washa feni ya kuvuta mvuke wakati wa kupika na kuoga, iache dakika kumi na tano baada ya kumaliza. Vile vijitundu vidogo juu ya fremu ya dirisha usivizibe, ni vya kupitisha hewa. Asubuhi fungua madirisha dakika kumi hata kama kuna baridi. Kabati lisimame angalau sentimita tano kutoka ukuta wa nje. Nguo anika chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha wazi kidogo. Na acha joto la nyuzi 18 litembee muda mrefu kuliko kuzima kutwa nzima kisha kupandisha 25 usiku. Ukuta usiopata joto kabisa ndio unaootesha.

Jiko la mkaa usiliwashe ndani, hata gereji, hata mlango ukiwa wazi. Nyumba zile zimezibwa, kabonimonoksaidi haina harufu na inaua familia usingizini. King'ora chake lazima kiwepo kwenye chumba chenye boila, na cha moshi kila ghorofa. Bonyeza kitufe cha kujaribu siku unayokabidhiwa nyumba. Ukikaanga dagaa king'ora kikalia, fungua dirisha, usitoe betri. Ukinusa gesi: usiwashe taa wala kuzima, fungua madirisha, toka nje, piga 0800 111 999, ni bure saa 24.

Habari njema: soketi ni zilezile za pini tatu na umeme ni volti 230 kama wetu. Chaja na pasi zako zitafanya kazi. Stabilaiza acha nyumbani.

---

Mpangaji wa Tabata:

Fundi Mungu akubariki. Hilo la sakafu ya bafu hakuna aliyewahi kuniambia. Umeme wao ni kama LUKU au bili?

---

Dada Upanga:

Kaka, zote mbili zipo. Mita ya malipo ya kabla inafanana na LUKU, unaongeza kwa kadi, ufunguo au simu. Tofauti inayouma: kuna ada ya kila siku inayokatwa hata ukiwa umesafiri na hujawasha taa. Ukijumlisha umeme na gesi inakaribia pauni moja kwa siku. Ukienda Dar wiki sita ukaacha mita ina salio dogo, unarudi unakuta deni. Siku ya kukabidhiwa ufunguo piga picha mita ya umeme, ya gesi na ya maji kama ipo, namba zisomeke, uzitume kwa kampuni siku hiyohiyo. Usipofanya hivyo unaweza kulipia matumizi ya aliyetoka.

Kodi ya nyumba. Hapa umezoea miezi sita au mwaka mkononi, na dalali mwezi wake. Kule dalali haruhusiwi kukutoza mpangaji ada, sheria ya 2019. Pesa ya kushikilia nyumba isizidi kodi ya wiki moja, amana isizidi wiki tano. Kwa kodi yako: 1,200 mara 12 gawanya kwa 52 ni pauni 276.92 kwa wiki, kwa hiyo amana haivuki 1,384.61. Iwekwe kwenye mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30, na upewe jina la mfuko huo kwa maandishi. Na ile ripoti ya hali ya nyumba, usisaini harakaharaka mlangoni. Pita chumba kwa chumba, piga picha kila doa la zulia, kila alama ya ukungu, ndani ya oveni, chini ya sinki, uandike kwenye ripoti. Zulia ndilo hula amana za watu wetu, viatu mlangoni.

Kodi ya halmashauri. Hapa kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU hata hujui. Kule inalipwa na anayeishi ndani, yaani nyie wapangaji, na barua haiji mpaka mjiandikishe. Wengine hukaa kimya miezi minane wakidhani imo kwenye kodi ya nyumba, kisha linakuja deni zima. Nyumba zimepangwa makundi A hadi H kwa thamani ya mwaka 1991, uliza kundi kabla ya kusaini. Kawaida unalipa mara kumi, Aprili hadi Januari, Februari na Machi unapumzika, ila unaweza kuomba mgawanyo wa 12. Ukichelewa awamu moja unakumbushwa, ukiendelea kukaa kimya unadaiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25.

Televisheni: ukitazama matangazo ya moja kwa moja ya chaneli yoyote, au huduma ya BBC ya mtandaoni, unahitaji leseni. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50. Ukitazama video za mtandaoni zisizo za moja kwa moja peke yake huihitaji, lakini wajulishe wahusika wa leseni ili barua zikome.

Taka. Hakuna mkokoteni wala mzabuni anayepita akiita. Kila nyumba ina vyombo vyake, mapipa ya magurudumu au mifuko ya rangi: kimoja cha taka za kawaida, kingine cha vinavyorejelewa, na kwenye halmashauri nyingi kichombo kidogo cha mabaki ya chakula. Rangi hazifanani kati ya halmashauri na halmashauri, kwa hiyo usimsikilize shangazi wa London kuhusu Leicester. Ingiza msimbo wako wa posta kwenye tovuti ya halmashauri, upate kalenda, ibandike kwenye friji. Mara nyingi wiki hii taka za kawaida, wiki ijayo za kurejelewa. Yatoke usiku wa kuamkia siku yenyewe au kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ukingoni mwa njia, mpini ukielekea barabarani, na yarudishwe ndani jioni.

Gari linaruka pipa kwa sababu hizi: kifuniko hakijafunga, mfuko umewekwa kando ya pipa, au uchafu umechanganyika. Boksi la piza lenye mafuta, nepi, au chupa yenye mabaki ndani ya pipa la kurejeleza inatosha kulikataa pipa zima. Wanabandika kibandiko na kuondoka, na wewe unakaa wiki mbili na harufu. Suuza makopo. Mifupa na maganda yaingie kwenye kichombo cha chakula kama kipo, na kifungwe kile kitasa, la sivyo mbweha watayatawanya usiku. Ndiyo, mbweha, mjini kabisa. Mafuta ya kukaangia usimwage kwenye sinki, yakipoa yanaganda kwenye bomba, yaweke kwenye chupa. Godoro au kochi bovu unalipeleka kwenye kituo cha taka cha halmashauri au unalipia waje walichukue. Kuliacha njiani ni kosa la kutozwa faini, na mtu anayekubebea kwa bei poa akilitupa kichakani, wewe pia unaulizwa.

---

Ofisa Mstaafu Ilala:

Nyongeza kwa Jirani Mwema. Vipimo vya usiku vya sheria ya kelele ya 1996 vipo kwa halmashauri zote, lakini si kila halmashauri hutuma ofisa usiku, nyingine hupokea malalamiko saa za kazi. Fataki nazo zina saa zake: mwisho saa tano usiku, isipokuwa tarehe 5 Novemba mpaka saa sita, na mkesha wa mwaka mpya, Diwali na mwaka mpya wa Kichina mpaka saa saba. Watoto wasishtuke wiki hiyo ya Novemba, mtaa mzima unalipuka.

Na mjumbe wa nyumba kumi hayupo. Shida ndogo za mtaa unampelekea diwani wako, jina lake liko kwenye tovuti. Polisi isiyo ya dharura ni 101, dharura 999. Wewe na mkeo, kama raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola wenye ruhusa ya kuishi kule, mna haki ya kujiandikisha na kupiga kura, hata za ubunge. Jiandikisheni mapema, jina kwenye daftari lile husaidia pia mnapokaguliwa mikopo na mikataba ya simu.

---

Mwalimu Temeke:

Kaka Mpangaji, mimi watoto.

Wa miaka tisa mara nyingi huombewa nafasi katikati ya mwaka kwa halmashauri, sio kwa kwenda kumwona mwalimu mkuu. Kuwa na anwani haina maana utapata shule ya karibu: ikijaa unapewa iliyo mbali kidogo na jina lako linaingia kwenye orodha ya kusubiri. Uliza nafasi kabla ya kusaini nyumba kama bado kuna muda. Wa miaka minne huanza darasa la awali Septemba baada ya kutimiza minne, na maombi ya kundi la Septemba hufungwa tarehe 15 Januari. Ukichelewa bado unaomba, ila unapangwa baada ya wengine. Chakula cha mchana ni bure kwa madarasa matatu ya mwanzo katika shule za serikali.

Usipange kwenda Dar wakati nauli ziko chini katikati ya muhula. Kukosa siku tano bila ruhusa ni faini ya pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ikilipwa ndani ya siku 21. Baada ya hapo 160. Wazazi wawili, watoto wawili wenye umri wa shule, piga hesabu.

Kumwacha mtoto peke yake: hakuna umri uliotajwa kisheria, lakini ni kosa kumwacha akiwa hatarini. Ushauri wa NSPCC, shirika lao la kulinda watoto, ni kwamba chini ya miaka 12 mara chache anaweza kuachwa muda mrefu, na chini ya 16 asiachwe usiku kucha. Huyo wako wa tisa hawezi kumlea wa minne wakati mama yuko zamu ya usiku. Kwenu jirani angetupia jicho. Kule jirani atapiga simu, na anaipiga kwa nia njema kabisa. Panga zamu zenu kwenye karatasi kabla hamjafika.

Sasa binti wa binamu. Hili naomba ulisome mara mbili. Mtoto chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi na mtu ambaye si mzazi wala ndugu wa karibu, sheria inahesabu ni malezi binafsi ya mtoto wa mtu mwingine, na halmashauri lazima ijulishwe angalau wiki sita kabla. Ndugu wa karibu kwao ni babu, bibi, kaka, dada, mjomba, baba mdogo, shangazi, mama mdogo na mzazi wa kambo. Binamu ya baba HAYUMO. Kwetu wewe ni baba yake, na hakuna wa kubisha. Kwenye fomu yao wewe ni mtu baki. Mwenye wajibu wa kujulisha ni binamu yako na wewe pia. Atakuja mfanyakazi wa ustawi, ataangalia chumba cha binti, atazungumza naye peke yake. Mwacheni azungumze. Ni utaratibu wa kawaida na hausababishi shida mkiufuata. Shida ni pale shule inapogundua kwanza.

---

Mpangaji wa Tabata:

Mwalimu, nimekuelewa, nampigia binamu leo. La mwisho: nyumba ina uwanja nyuma. Mke wangu anauliza kuku wachache na mchicha.

---

Mkulima Pugu:

Shemeji atauweza, ila asome mkataba kwanza, nyumba nyingi za kupanga zinakataza mifugo. Mkiruhusiwa, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mfugaji wa kuku England anawasajili serikalini, hata akiwa na mmoja. Homa ya mafua ya ndege ikizuka mnaamriwa kuwafungia ndani. Kuku hawali mabaki ya jikoni: ni kosa kuwapa chochote kilichopita jikoni kwenu, hata maganda ya mboga, kama nyumba inatumia nyama, maziwa au mayai. Nunueni chakula cha mfuko. Jogoo hakukatazwa kwa jina, lakini Juni jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, naye anaanza nalo, na daftari lile la Jirani Mwema linafunguliwa siku hiyo. Fugeni matetea peke yake. Kuchinja kwa taratibu za dini nyumbani hairuhusiwi hata kuku wako, ni machinjioni tu. Leicester bucha za halali zipo.

Mchicha usipande kabla ya katikati ya Mei, baridi ya usiku huuchoma. Anzisheni mbegu ndani dirishani Aprili kwenye vikopo vya mtindi, mtoe nje miche ikiwa na majani manne. Konokono wasio na gamba wataumaliza usiku mmoja, wakusanyeni kwa tochi saa nne usiku baada ya mvua. Mtavuna mpaka Septemba. Kuanzia Oktoba hamieni sukuma wiki mliyoipanda kiangazi, hiyo inavumilia barafu. Matembele yanataka kibanda cha nailoni.

Uwanja ukiwa mdogo, halmashauri hukodisha viwanja vya bustani, kiwanja kizima ni kama mita za mraba 250. Orodha ya kusubiri huwa ndefu, jiandikisheni wiki mnayofika. Majani ya uwanja wa nyumba yakatwe kila wiki mbili kuanzia Aprili, hilo huwa limo kwenye mkataba. Matawi ya jirani yakiingia kwenu mnaweza kuyakata mpaka mpakani tu, lakini ulizeni kwanza halmashauri kama mti huo umelindwa.